Vidole Kumi, Macho Mawili

Agosti 1, sikukuu ya mkate mpya

Mfalme amekufa. Habari tumeletewa na mchuuzi wa chumvi, ambaye alihakikisha kwanza tumenunua chumvi ndipo akafungua mdomo. Mke wangu Derbal akamwambia, "Ungetuambia mapema tungeanza kulia, na usingeuza kitu, sivyo?" Mchuuzi akacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye gogo la kupasulia kuni, chumvi bado mkononi.

Naandika haya kwenye mabaki ya ngozi ya ndama, vile vipande vyenye matundu ambavyo watawa wa ng'ambo ya ziwa hawavitaki kwa Zaburi zao. Vinanitosha. Padri wa kanisa la nyasi, mwenye mke kama mapadri wote wa kwetu, kitambi, na goti linalouma kila mvua inapokaribia, hana haja ya ngozi nzuri.

Zamu ni ya Nechtan wetu. Kila mtu anajua. Ukoo wa kifalme una nyumba mbili, nazo hupokezana: akifa mfalme wa nyumba hii, anakaa mtu wa nyumba ile. Marehemu alikuwa wa nyumba ya mashariki. Nechtan ni wa magharibi, na wazee walishamtaja kuwa ndiye anayefuata, wakainua pembe za pombe mbele ya marehemu mwenyewe. Nilikuwepo. Nilikunywa. Lakini marehemu ameacha mtoto, Morgan, na siku zake za mwisho alianza kunong'ona kwamba kiti kichukuliwe na mtoto wa kumzaa, kama wanavyofanya watu wa kusini. Kana kwamba nchi ni sufuria ya marehemu.

Nechtan aliletwa kwetu akiwa na miaka saba, kichwa kimejaa chawa, analia bila sauti kwa kiburi. Kwetu mtoto wa bwana halelewi na aliyemzaa. Hulelewa na watu wengine, na hao ndio anaowaita baba na mama mpaka kufa. Na siku ya kutawazwa, baba mlezi ndiye humvua shati mbele ya wazee, akaweka mkono kwenye kengele ya mtakatifu, akaapa kwamba mwili ule hauna kasoro. Chongo hakalii jiwe la kifalme, wala kiwete, wala aliyekatika kidole. Ndiyo maana katika nchi hii ukitaka kumwondoa mtu njiani huna haja ya kumuua. Chuma cha moto kinatosha, na unamwachia uhai wake kama sadaka.

Kwa hiyo nimemlea kama yai. Nimechekwa na watu kwa hilo. Kila jioni tangu akiwa na miaka saba nimemkagua: vidole kumi, macho mawili. Leo aliporudi kutoka kwa ng'ombe aliniona usoni akajua. Akanyoosha mikono bila kuambiwa. "Hesabu, Baba," akasema. Ana miaka ishirini na miwili, ananizidi kichwa kizima, na nilihesabu.

Agosti 5

Mvua. Shayiri imelala chini kama walevi. Vidole kumi, macho mawili.

Agosti 6

Mvua. Sina la kuongeza isipokuwa tusi, na mimi ni padri.

Agosti 15, sikukuu ya Mama Maria

Gartnait amekuja! Sisi wawili tulilelewa nyumba moja, tukalala chini ya blanketi moja, na mpaka leo ananilaumu kwamba nilikuwa nalivuta lote. Sasa yeye ni mzee wa koo, nusu ya bonde ni lake, na bado anakuja kula jibini yangu kama mtu aliyetoka kifungoni.

"Cathal, umenenepa," alisema mlangoni.

"Na wewe umeota mvi puani. Ingia."

Alimtazama Nechtan kwa muda mrefu, juu mpaka chini, kama mtu anayenunua farasi. Akasema, "Huyu ni wetu. Siku ya Mtakatifu Martin, mfalme akitawazwa kilimani, mimi ndiye nitakayesimama wa kwanza kusema." Derbal akamkatia kipande kingine cha jibini. Nilifurahi hata nikaimba, na mbwa akatoka nje.

Agosti 24

Jua limetoka, watu wote wako shambani, na Nechtan kachukua mundu. Mundu! Nilikimbia shamba zima nikipiga kelele, kanzu nimeikunja mpaka mapajani. Wavunaji walicheka mpaka wakakaa chini.

"Baba, unanitia aibu."

"Weka hicho kitu chini. Vidole vyako si vyako."

"Ni vya nani?"

"Vya nchi!"

"Basi nchi ije ivune," akasema, akainama akaendelea kukata. Kisha akageuka. "Mfalme asiyejua kuvuna atawaambia nini wanaovuna?"

"Atawaambia vuneni!"

Derbal alicheka kuliko wote. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa anavuna vizuri. Vidole kumi, macho mawili, na lengelenge moja la kiganjani ambalo nimelipaka siagi.

Septemba 3

Nilikwenda kumsalimu mzee wa bonde la juu. Zizini mwake nimekuta ng'ombe wekundu wapya, masikio yamekatwa alama ya nyumba ya mashariki. Nikamuuliza wametoka wapi. Akasema ni zawadi. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Ya urafiki." Nikamwambia katika maisha yangu yote sijawahi kuona urafiki wenye chuchu nne. Hakunikaribisha uji.

Septemba 6

Na mzee wa mtoni pia. Wekundu. Walewale.

Septemba 9

Mvua. Goti. Nimemwombea Morgan, kama Injili inavyoagiza. Niliomba afe vizuri.

Septemba 14, sikukuu ya Msalaba

Nitaandika, ingawa sitaki.

Asubuhi Nechtan alikwenda kivukoni kuangalia nyavu za samaki. Kulikuwa na wanaume watatu wamekaa ukingoni na ndoana zao. Wakamwita kwa jina, kwa heshima, njoo bwana mdogo utusaidie, wavu umenasa. Akawakaribia. Ndipo alipoona kati yao kuna chungu cha makaa, na ndani ya makaa kuna msumari mrefu mwekundu.

Nani anabeba chungu cha makaa kwenda kuvua samaki?

Walimrukia. Mmoja alimshika nywele. Nechtan anasema alimpiga kichwa cha pua, akajitupa majini na nguo zake zote, na maji ya mto yalikuwa yamejaa kwa mvua hizi nilizozitukana mwezi mzima. Mto ulimbeba ukamtupa chini kwenye mawe, mbali, na wale hawakuthubutu kumfuata. Alirudi nyumbani mchana, matope mwili mzima, meno yanagongana. Derbal alimvua akamfunga blanketi. Mimi nilisimama tu. Nilitaka kumhesabu na nikaogopa kuanza.

"Wapo, Baba," akasema. Akanyoosha mikono. Kisha akayafumbua macho kwa vidole vyake mwenyewe, kama anavyofanya mtoto kumchekesha mgonjwa. "Na haya hapa."

Nilikwenda kanisani. Sikuomba. Niliipiga teke benchi nikaumia kidole cha mguu, na kwa kuwa mimi si wa kutawazwa, hakuna aliyejali.

Nataka iandikwe mahali: walikuwa wameleta makaa kutoka nyumbani. Mtu alikoka ule moto asubuhi. Mtu alikunywa uji wake pembeni ya ule moto akingoja msumari uingie vizuri.

Septemba 15

Mbwa wawili mlangoni. Silali.

Septemba 29, Mtakatifu Mikaeli

Gartnait amekuja tena. Nilimpokea kama jua. Nilimsimulia ya kivukoni, na alikuwa anatikisa kichwa, na niliona hashangai.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilisikia baadaye. Cathal, nisikilize, wewe mtu. Wazee wengi wameshakwenda kwa Morgan."

"Wamekwenda na ng'ombe wao, au ng'ombe ndio wamewapeleka?"

"Acha mzaha. Nimetumwa." Alikiweka chini kipande cha jibini, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. "Morgan hataki damu. Siku ile kilimani ukiulizwa, sema kijana ana kasoro. Neno moja tu. Sema goti lake bovu, sema chochote. Wazee watakubali, mambo yataisha, na Nechtan atazeeka hapa akifuga ng'ombe. Akishakuwa na kasoro, hakuna atakayemgusa tena milele."

"Niape uongo kwenye kengele?"

"Ndiyo."

"Nimvue shati mwanangu mbele ya nchi nzima, mwili niliouchunga kwa mikono hii, niseme ni mbovu?"

"Ili awe hai! Unataka nini wewe, mfalme au mtoto?"

"Nataka haki yake! Ni zamu yetu!"

"Zamu," akasema Gartnait, taratibu, kama anayemhurumia mlevi. "Zamu ilikwisha wakati marehemu anaugua, ila hakuna aliyepata moyo wa kukuambia."

Nilisimama. Nilimwambia blanketi lile nilikuwa navuta makusudi, na ningejua angekuwa mtu wa aina gani ningelivuta mpaka agande. Nilimfungulia mlango. Alitoka. Halafu nikaona jibini yake imebaki mezani nikamtupia mgongoni. Ilimpata. Hakugeuka.

Septemba 30

Derbal anasema nimwambie Morgan ndiyo. Hakusema kwa kunong'ona, alisema mbele ya majirani tukipepeta shayiri. "Mzee, mimi sikumlea mfalme. Nilimlea mtoto mwenye chawa."

Sizungumzi naye.

Oktoba 4

Bado sizungumzi naye. Nikihitaji kitu namwambia nguruwe kwa sauti kubwa, na Derbal anamjibu nguruwe. Nguruwe ananenepa kwa ajili ya Krismasi na hana upande.

Oktoba 18

Nimemwambia Nechtan yote. Niliogopa, kwa sababu kama angesema, "Baba, sema uongo," ningesema, na nisingemsamehe.

Alikuwa ananoa shoka. Hakuacha kunoa. "Kwa hiyo nikiwa mzima nitauawa, na nikiwa mbovu nitaishi."

"Ndivyo wanavyosema."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema zamu ni yako."

Alinoa, akanoa. "Basi nitasimama," akasema. "Na wewe utasema ukweli. Kuhesabu ndiyo kazi yako, Baba. Fanya kazi yako."

Nilijivuna hata nikasahau kuogopa. Nimeongea na mke wangu leo, nimemwambia mwanao ni dume. Akasema, "Najua. Ndicho kinachoniliza." Vidole kumi, macho mawili.

Novemba 1, Watakatifu Wote

Tumechinja ng'ombe wasioweza kuvuka baridi. Kila mtu ana damu mikononi na anacheka. Sikuweza kula.

Novemba 9

Tunaondoka kesho na watu wetu wa ziwani, wanaume kwa wanawake. Nimeifunga kengele kwenye sufi. Ni kengele ya chuma, mbaya kama kwato, ya mtakatifu wetu mwenyewe. Anayeapa uongo juu yake mdomo wake hupinda upande mpaka kaburini. Nimewaona wawili kwa macho yangu, ingawa mmoja Derbal anasema alizaliwa hivyo.

Novemba 12

Ilikuwa jana. Nitaandika yote kwa mpangilio, vinginevyo nitavunja kitu.

Mvua nyembamba, ya kuudhi. Kilima kimejaa watu. Jiwe liko juu katikati, limetandikwa nguo nyekundu, na nguo imelowa. Wazee wamekaa nusu duara. Morgan amesimama kando, mwembamba, nywele zimechanwa vizuri, uso wa mtu anayengoja chakula alichokwisha kukiagiza. Askofu yuko na fimbo yake na mafua. Mimi nilisimama na kengele nikiwaelekea wazee na jiwe, na nyuma yangu walikuwa watu wote, halafu msitu wa miti myeupe. Nechtan alisimama mbele yangu, kati yangu na wazee, amenielekea mimi. Ndivyo desturi ilivyo: mtoto humtazama aliyemlea.

Nilimvua shati. Mvua ilimpiga kifuani na hakutetemeka. Nikamzungusha mbele ya wazee mara moja, taratibu, kisha nikamrudisha mahali pake. Nikaweka mkono kwenye kengele. Sauti yangu, ambayo kanisani inawalaza watu, ilifika mpaka chini ya kilima. "Vidole kumi vya mikono. Vidole kumi vya miguu. Macho mawili. Nimemhesabu kila jioni tangu utoto. Naapa mwili huu ni mzima."

Watu wa ziwani walipiga kelele za shangwe. Na hapo Gartnait akasimama. Wa kwanza kusema, kama alivyoahidi.

"Jicho lake la kushoto limekufa," akasema.

Shangwe ikakatika.

"Linaonekana zima, lakini halioni," akaendelea. Mikono yake ilikuwa ndani ya joho. Hakuinyoosha kuelekea kengele, wala hakunitazama. "Tangu alipotupwa na mto kwenye mawe, mwezi wa tisa. Mlezi wake anajua. Anaficha kwa mapenzi."

"Mwongo!" nikasema. "Gartnait, mwongo mkubwa wee! Weka mkono hapa useme tena!"

Wazee wakaanza kuitikia mmoja mmoja. Ndiyo, nasi tulisikia. Ndiyo, la kushoto. Mzee wa bonde la juu, wa urafiki wenye chuchu nne, akasema hata yeye kwa mbali anaona lina ukungu. Kwa mbali! Mtu ambaye hawezi kumtofautisha mkewe na ghala.

Askofu akapiga chafya, akasema jambo ni rahisi, aulizwe kijana mwenyewe. Akamfunika Nechtan jicho la kulia kwa kiganja. Akauweka mkono wa Nechtan juu ya kengele. Akainua fimbo yake mbele, ile fimbo ya fedha, kubwa, inayong'aa hata mvuani.

"Unaona nini?"

Nikacheka. Nakiri nilicheka. Nilijua wamekwisha. Nechtan alinitazama kwa lile jicho la kushoto. Alinitazama mimi, kisha juu ya bega langu, kisha akanirudia. Midomo ikawa myeupe.

"Sioni kitu," akasema.

Sikuelewa. Nikadhani hakusikia swali. Askofu akarudia, naye akarudia, kwa sauti kubwa zaidi: "Jicho hili limekufa. Sioni kitu."

"Anaona!" nikapiga kelele. "Mwongo! Nechtan, wewe ni mwongo! Mwoga!" Nilimwambia hivyo mwanangu mbele ya nchi nzima. Watu wakacheka, si kwa ubaya, kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Askofu akanipigapiga begani. "Baba anamtetea mwanawe," akawaambia wazee. "Huo ndio ubaba."

Morgan alikwenda akakaa juu ya nguo iliyolowa. Natumaini maji yalipita mpaka ndani.

Novemba 14

Nyumbani. Sisemi na mtu. Nimejaribu kusema na nguruwe nikakumbuka tumeshamchinja mapema.

Novemba 16

Ametembea mbele yangu na kitambaa cheusi kimefunga jicho la kushoto. Derbal ndiye aliyemshonea. Wote wawili ni waigizaji. Nilimuuliza kama mdomo umeanza kupinda. Akasema, "Bado, Baba." Nikamwambia asiniite hivyo.

Miaka kumi na mitano ya kuhesabu. Kwa ajili ya mwoga.

Novemba 20

Mjumbe wa mfalme ameleta zawadi: kikopo cha fedha chenye dawa ya macho kutoka nchi za mbali, na salamu kwamba Mfalme Morgan anasikitika kwa msiba uliompata nduguye. Alipotaka kumwona mgonjwa, Nechtan alitoka na kitambaa chake, akajigonga kwenye mwimo wa kushoto wa mlango, sawasawa kama chongo mpya, akashukuru. Mjumbe alitazama kwa makini sana. Akaenda zake ameridhika.

Dawa nimeipaka kwenye bawaba za mlango wa kanisa. Zilikuwa zikilia, na sasa hazilii. Kwa mara ya kwanza Morgan amefanya kitu chenye faida.

Novemba 23

Derbal amechoka na mimi. Nilikuwa nimesema tena neno lile, mwoga, nikiwa na kijiko mdomoni. Akaninyang'anya kijiko.

"Mzee, unajua ulisimama wapi siku ile?"

"Mbele ya jiwe."

"Na nyuma yako kulikuwa na nini?"

"Watu. Miti."

"Na kwenye miti?"

Nikaliweka bakuli chini.

"Sisi wanawake tulikuwa pembeni, tuliona. Ulipomaliza kuapa, walitoka kwenye miti myeupe. Mikuki, Cathal. Walijipanga nyuma ya watu wetu wa ziwani, na watatu walipenya mpaka karibu na mgongo wako. Mmoja alikuwa umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwako. Ulipokuwa unamtukana Gartnait, yule alikuwa ameshainua mkuki. Nechtan angesema, 'Naona fimbo,' wewe ungekuwa wa kwanza, kisha mimi, kisha sote. Alikuwa anakuangalia wewe. Alikuona wewe na akamwona yule."

"Kwa jicho la kushoto," nikasema.

"Kwa jicho la kushoto. Kula uji wako."

Sikula.

Nimekaa hapa na kalamu nikimkasirikia Morgan mpaka maneno yananiisha. Nawakasirikia wazee, na ng'ombe wekundu, wasio na kosa. Najikasirikia mimi, mtu ambaye alitoa mgongo wake mpana kama lango la zizi, akapiga kelele za haki, na hakugeuka hata mara moja kutazama nyuma.

Novemba 24

Nimemkuta zizini akikamua. Nimesimama mlangoni nikashindwa kuanza, mimi ninayeishi kwa kuhubiri.

"Mama amekuambia," akasema bila kugeuka.

"Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Ungepiga kelele. Ungeandamana mpaka ikulu na kengele yako." Akaendelea kukamua. "Na ilibidi ukasirike kweli, Baba. Mjumbe angekuona unaigiza angejua. Wewe huwezi kuigiza hata usingizi."

"Niliita watu wote wasikie kwamba wewe ni mwoga."

"Nilisikia. Sikio ni zima."

Nikakaa kwenye nyasi, nikachukua chuchu mbili za upande wangu. Tulikamua pamoja. Ng'ombe alitushangaa.

Novemba 30, Mtakatifu Andrea

Theluji ya kwanza. Gartnait amekuja. Alisimama uani, hakuomba kuingia, theluji inamjaa kwenye nyusi. Nilisimama mlangoni.

"Ungeweza kuniambia," nikasema.

"Nilikuambia. Siku ya Mikaeli. Ulinipiga na jibini."

"Uliniambia kwa niaba ya Morgan."

"Nilikuambia kwa njia niliyokuwa nayo." Akapangusa pua. "Nilifikiria sana kasoro ipi. Goti wangemfanya atembee, wangeona. Kidole kinahesabika. Nikatafuta kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukikana isipokuwa yeye mwenyewe. Halafu nikaomba Mungu amfanye mtulivu kuliko aliyemlea."

Sikumkaribisha ndani. Mdomo wake haukuwa umepinda hata kidogo, na hilo nalo liliniudhi. Kwake pia wamepeleka ng'ombe, nimesikia, na hakuwarudisha. Lakini nilimkatia jibini, lile ganda gumu la nje, nikampa kupitia mlangoni. Alilitafuna palepale kwenye theluji na hakulalamika. Kisha akaenda.

Siku hizi asubuhi, kabla Nechtan hajatoka, mimi ndiye ninayemfunga kitambaa. Derbal anafunga kwa kulegeza. Mimi nakaza, kwa sababu mwenye mkuki bado anaishi, na Morgan ni kijana, na atatawala muda mrefu. Kila asubuhi nalifunika jicho zima kwa mikono yangu, mimi niliyelichunga, na kila asubuhi nakasirika upya kama vile ni mara ya kwanza. Sijui kama hasira hii itakuja kuisha. Sitaki iishe.

Jioni tunafunga mlango kwa komeo, tunashusha ngozi ya dirishani, naye anakaa kwenye kigoda karibu na moto. Nakifungua kitambaa. Jicho linapepesa, linazoea mwanga, linanitafuta. Ananyoosha mikono bila kuambiwa.

Vidole kumi. Macho mawili.